Makerere wakati wa vita: maswali mnayotuuliza kuhusu wanafunzi wakubwa wa kilimani, 1939–1945

Kila tunapoweka picha ya zamani ya Makerere, chuo cha Kampala kilichojengwa juu ya kilima, maswali yanayofuata hufanana: huyu ni nani, yule alitokea wapi, ni kweli Mwalimu Nyerere alisoma na fulani? Tumeyakusanya hapa ili tusirudie majibu kila wiki. Tukisema "wakubwa" tunamaanisha wanafunzi wa miaka ya mwisho, wale ambao vita vya pili vya dunia viliwakuta chuoni au viliishia mikononi mwao.

Makerere ilikuwa chuo kikuu tayari?

Bado. Ilianza 1922 kama shule ya ufundi yenye vijana 14 waliofundishwa useremala, ujenzi na umakanika. Udaktari, ualimu, kilimo na mifugo viliongezwa baadaye. Mwaka 1937 tume ya De La Warr ilipendekeza iwe chuo cha elimu ya juu kwa Afrika Mashariki nzima, kwa hiyo vita vilipolipuka Septemba 1939 chuo kilikuwa katikati ya kujigeuza. Jengo kuu lile jeupe lenye mnara lilikamilika 1941, wakati Ulaya majengo yanabomolewa kwa mabomu.

Shahada zilisubiri uhusiano na Chuo Kikuu cha London, ulioanza 1949. Wa wakati wa vita waliondoka na diploma. Hilo la diploma likumbukeni, tutalirudia, maana ndilo lililowauma.

Walikuwa wangapi, na walifikaje?

Hawakufika 300 kwa chuo kizima. Siku hizi shule ya kata moja inawazidi. Kwa udogo huo kila mtu alimjua kila mtu, kwa jina, kwa kabila na kwa shule aliyotoka.

Shule ndiyo ilikuwa kitambulisho cha kwanza. Watanganyika wengi walitoka Tabora, shule ya serikali iliyoanzishwa ikiwalenga watoto wa machifu. Wakenya walitoka Alliance, Maseno au Mang'u. Waganda walitoka Budo kama ni Waprotestanti, Kisubi kama ni Wakatoliki. Wazanzibari walikuwa wachache. Vijana wa Tabora walifika wameshaishi bweni moja miaka mitano au sita, kwa hiyo walishikamana tangu siku ya kwanza, na tunadhani hilo linaeleza mengi kuhusu siasa zao za baadaye.

Safari yenyewe ilikuwa somo. Mtu wa Dar es Salaam alipanda treni ya reli ya kati hadi Tabora, akabadilisha kwenda Mwanza, halafu meli ya ziwani yenye kupitia Bukoba hadi Port Bell, bandari ya Kampala. Wa Musoma naye alipandia kwao, meli ilitia nanga hapo. Mzanzibari alivuka hadi Mombasa, kisha akakaa kwenye reli iliyokuwa imefika Kampala tangu 1931. Daraja la tatu, sanduku la bati miguuni, chakula cha kununua stesheni. Likizo fupi hazikutosha kwenda na kurudi, kwa hiyo wa mbali walibaki kilimani wakati Waganda wamekwenda makwao kula vizuri.

Nani hasa alihesabiwa mkubwa?

Kwa kalenda, yeyote wa mwaka wa mwisho. Kwa hali halisi, wanafunzi wa udaktari. Kozi yao ilikuwa ndefu kuliko zote, na mafunzo yao kwa vitendo yalikuwa Mulago, kilima cha jirani, wodini kwa wagonjwa wa kweli. Mwalimu mtarajiwa aliingia akatoka, akamwacha daktari mtarajiwa bado yupo.

Halafu kuna umri. Msiwafikirie kama vijana wa miaka 18. Wengi walichelewa kuanza shule, wengine walikuwa wameshafanya kazi serikalini kabla ya kuja. Katika picha mtaona nyuso za watu wazima. Kutendewa kama watoto wa bweni kwa umri ule kuliwachosha, na mkuu wa chuo wa wakati wa vita, George Turner, alikuwa ametoka kuongoza Marlborough, shule ya bweni ya wavulana Uingereza. Sisi hatumlaumu sana, alikuja na alichokijua.

Walikula nini?

Matoke. Wachaga na Wahaya hawakuona shida, ndizi ni za kwao. Waliokulia ugali au wali walizoea polepole, na wengine hawakuzoea. Vita viliadimisha nguo na petroli kote Afrika Mashariki, na 1943 ukame ulileta njaa sehemu nyingi za Kenya na Tanganyika, lakini Buganda ina mvua zake na migomba haikukauka. Barua za nyumbani ndizo zilizoleta njaa kilimani. Mtu alikula akashiba huku akisoma kwamba kwao mazao yameungua shambani.

Walizungumza lugha gani?

Darasani Kiingereza. Nje ya darasa ilitegemea umesimama na nani. Watanganyika, Wazanzibari na Wakenya walielewana kwa Kiswahili, kila mtu na lafudhi yake. Waganda walikuwa na Kiganda chao na hawakuona sababu ya kukiacha. Daudi Chwa, Kabaka yaani mfalme wa Buganda, aliyefariki Novemba 1939, alikuwa amepinga waziwazi Kiswahili kufanywa lugha rasmi ya Buganda, na wenyeji wengi walikiona kama lugha ya askari na vibarua.

Kwa Mzanzibari aliyekuja akijivunia ufasaha wake, hili lilikuwa jipya. Kiswahili kilikuwa lugha ya wageni kilimani, na labda ndiyo maana kiliwaunganisha wageni hao haraka.

Nyerere alikuwa mtu wa namna gani pale?

Swali hili huja kuliko mengine yote, na wengi huuliza wakitarajia kusikia kwamba alikuwa kiongozi wa kila kitu. Hakuwa hivyo.

Aliingia Januari 1943 akitoka Tabora, baba yake Chifu Burito akiwa amefariki mwaka uliotangulia. Jina la Julius hakuwa nalo bado. Alibatizwa tarehe 23 Desemba 1943, akiwa ameshamaliza mwaka wa kwanza, kwa hiyo wenzake walimpokea kama Kambarage, wakarudi likizo wakakuta ana jina lingine. Hakuwa mtu wa makundi. Alisoma sana, tena vitabu vilivyokuwa nje ya kozi ya ualimu, na kwenye midahalo alitisha.

Mambo mawili yanaonyesha akili yake ilikokuwa. Julai 1943, miezi sita tu baada ya kuripoti, aliandika barua kwenye gazeti la Tanganyika Standard akidai kwamba ubepari ni kitu kigeni kwa Mwafrika na bara hili lifuate ujamaa wa asili yake. Alikuwa na miaka 21. Wanaosema Azimio la Arusha la 1967 lilitoka China wakaisome barua hiyo kwanza. Jambo la pili ni insha iliyomshindia tuzo ya kwanza katika shindano la uandishi la Afrika Mashariki. Humo alichukua hoja za mwanafalsafa Mwingereza wa karne ya 19, John Stuart Mill, kuhusu kukandamizwa kwa wanawake, akaziweka juu ya maisha ya Wazanaki, watu wake mwenyewe. Kijana wa kiume, mtoto wa chifu mwenye wake wengi, katika chuo kisichokuwa na msichana hata mmoja, anaandika kwamba mwanamke wa kwao anaonewa. Hapo ndipo sisi humwona Nyerere wa Makerere, zaidi ya kwenye hadithi za uongozi.

Siasa ya vyama aliifanya pamoja na Andrew Tibandebage na Hamza Mwapachu. Walianzisha umoja wa wanafunzi wa Tanganyika, ambao baadaye uligeuzwa kuwa tawi la TAA (Tanganyika African Association), chama kilichokuja kuzaa TANU. Tofauti ya tabia ilisaidia. Mwapachu, mtu wa Tanga, alimzidi Nyerere umri na alikuwa anaujua mji na watu wake. Nyerere alijua vitabu.

Wengine tunaowajua ni akina nani?

Orodha ndefu hatuweki, maana wajukuu hugombana nani katajwa na nani kaachwa. Ila wachache ni vigumu kuwaruka.

Abdallah Fundikira, naye wa Tabora, alisoma kilimo. Baadaye alikuwa mtemi wa Unyanyembe na waziri wa kwanza wa sheria wa Tanganyika huru, kisha akajiuzulu 1963. Vedasto Kyaruzi alisoma udaktari, na 1950 aliongoza TAA Dar es Salaam, Abdulwahid Sykes akiwa katibu wake.

Kutoka Zanzibar alikuwepo Aboud Jumbe, aliyesomea ualimu. Huyu ndiye aliyekuja kuwa rais wa Zanzibar 1972, na Januari 1984 akalazimika kujiuzulu kule Dodoma, kwenye kikao cha chama ambacho mwenyekiti wake alikuwa Nyerere. Tunaposoma habari za kikao kile huwa tunajiuliza kama kuna aliyewakumbusha kwamba waliwahi kula matoke bwalo moja.

Ni kweli Kabaka alikuwa mwanafunzi pale?

Kweli. Mutesa II alirithi kiti 1939 akiwa na miaka 15 tu, akatawazwa rasmi Novemba 1942 alipotimiza 18. Alisoma Budo, kisha Makerere, na 1945 akaenda Cambridge.

Hebu tafakari hali hiyo. Mganda akimkaribia Kabaka hupiga magoti. Sasa Kabaka ni mwanafunzi kama wewe, na nusu ya wenzake ni raia wake, nusu nyingine ni watu kutoka makabila yasiyo na mfalme kabisa ambao hawana deni lolote la magoti. Wazanaki hawakuwahi kuwa na kitu kinachofanana na Mengo, makao ya Kabaka. Wakati siasa za shirikisho la Afrika Mashariki zinakwama miaka ya 60 kwa sababu, pamoja na mengine, ya nafasi ya Buganda, waliokuwa kilimani wakati wa vita hawakushangaa.

Tunasikia kulikuwa na wasanii. Sanaa iliingiaje kwenye chuo cha madaktari na walimu?

Kupitia mke wa daktari. Margaret Trowell alifika Uganda 1935 pamoja na mumewe Hugh, tabibu wa Mulago. Akaanza kufundisha kuchora barazani kwa nyumba yake, bila mshahara wala cheo, na wanafunzi wa chuo wakawa wanashuka kilimani kwenda kwake. Mwaka 1939 kazi zao zilionyeshwa London.

Aliyeng'ara kwenye uchongaji ni Gregory Maloba kutoka Kenya. Alibaki kufundisha palepale. Kama umewahi kupita Kampala mjini, kazi yake umeiona: mnara wa uhuru wa 1962, umbo refu lililofungwa mikanda kuanzia miguuni, mikono ikimnyanyua mtoto juu kabisa, naye mtoto amenyoosha mikono yake hewani. Watalii hupiga picha bila kujua kwamba aliyeuchonga ni Mkenya aliyefundwa barazani kwa mama wa watu.

Sam Ntiro wa Machame alifika 1944. Alichora Kilimanjaro ya wakulima, watu wakiwa mashambani na sokoni, na baadaye aliiwakilisha nchi yake London kama balozi. Walimu wa masomo "ya maana" waliwaona wachoraji hawa kama watu wa kupoteza muda. Diploma ya kuchora ingekulisha wapi?

Vita viliwafikiaje, kama hawakwenda vitani?

Kwa magazeti, kwa redio na kwa watu. Baraza la Nairobi lilianzishwa mwaka uleule vita vilipoanza, na Mambo Leo la Dar es Salaam lilikuwepo tangu 1923. Mji wa Kampala ulijaa sare. Kuanzia 1942 wakimbizi wa Kipolandi kwa maelfu waliletwa Uganda na kuwekwa kambini Nyabyeya karibu na Masindi, na Koja kando ya ziwa. Kwa mwanafunzi aliyezoea kuona Mzungu akiwa bwana shauri, mmisionari au mwalimu, kumwona Mzungu mkimbizi, maskini, analima na kungoja mgawo, kulivunja kitu ambacho hakikuungwa tena.

Lakini kubwa zaidi ni wenzao. Vijana wa rika lao walikuwa KAR, jeshi la kikoloni la King's African Rifles: Abyssinia 1941, Madagaska 1942, Burma 1944. Abdulwahid Sykes wa Dar es Salaam, mdogo kwa Nyerere kwa miaka miwili, alikuwa Burma wakati Nyerere anaandika insha Makerere. Wote wawili walikuwemo TANU ilipoundwa 7 Julai 1954. Mmoja alitoka msituni, mwingine maktaba. Ukitaka kuielewa mivutano ya mwanzo ndani ya chama, na nani alimwona nani kama mgeni, anzia hapo.

Wasichana walikuja lini?

Mwaka 1945, wakiwa sita. Mpaka siku hiyo kaulimbiu ya chuo ilisema "Na tuwe wanaume", kwa hiyo ilibidi itafutwe nyingine. Ikawa "Tunajenga kwa ajili ya siku zijazo", na ndiyo iliyopo mpaka leo. Waliokuwa mwaka wa mwisho 1945 waliishi na wasichana kwa muda mfupi sana, kwa hiyo ukisikia babu anasimulia mapenzi ya chuoni wakati wa Hitler, mheshimu, lakini hesabu miaka.

Je, kuna mtu aliuawa kwa sababu ya Makerere?

Ndiyo, ingawa Makerere ilikuwa sababu moja kati ya kadhaa. Januari 1945 Buganda ilikumbwa na migomo na ghasia. Wakati huohuo chuo kilitaka ardhi zaidi ili kipanuke, na kwa Mganda ardhi si jambo la kuchezea. Katikiro, yaani waziri mkuu wa Buganda, Martin Luther Nsibirwa, alisimamia kupitishwa kwa sheria ya kuruhusu ardhi kuchukuliwa kwa manufaa ya umma, chuo kikiwemo. Tarehe 5 Septemba 1945 alipigwa risasi mlangoni mwa kanisa kuu la Namirembe, alipokwenda kwenye ibada ya asubuhi.

Namirembe unaiona kutoka Makerere. Vita vilikuwa vimekwisha wiki tatu nyuma. Wageni wa kilimani ambao walijiona wako Afrika Mashariki waligundua siku hiyo kwamba wamekalia shamba la watu.

Walipomaliza walipata kazi nzuri?

Walipata kazi, na heshima kubwa vijijini mwao. Kuhusu uzuri wa kazi, ngoja.

Aliyesoma udaktari miaka yote ile aliajiriwa kama daktari msaidizi, chini ya Mzungu, hata kama huyo Mzungu alimaliza chuo juzi. Mwalimu alilipwa mshahara wa Mwafrika, ambao ulikuwa ngazi ya chini kuliko wa Mzungu na wa Mhindi. Diploma ya Makerere haikukubalika ng'ambo. Nyerere mwenyewe, akiwa ameshafundisha St. Mary's Tabora alikoitwa na Padre Richard Walsh, alilazimika 1948 kufanya mtihani wa kuingilia chuo wa London, ule wa mtu anayetoka sekondari, ndipo akaruhusiwa kwenda Edinburgh 1949. Miaka mitatu ya kilimani ilihesabiwa sifuri.

Kwa maoni yetu hapa ndipo siasa zao zilipotoka, kuliko kwenye kitabu chochote. Kilimani alikuwa mkubwa: anaongoza mdahalo, anasoma wanafalsafa, analala chumba jirani na Kabaka au mtoto wa mtemi. Akishuka kilima, karani wa Kizungu anamwita boi. Mtu ambaye hajawahi kuwa mkubwa popote angevumilia. Hawa walikuwa wameonja.

Na serikali ilijua. Kyaruzi alipoanza kuichangamsha TAA, alihamishiwa hospitali ya gereza la Kingolwira, Morogoro, kisha Nzega. Mwapachu akapelekwa Nansio, kisiwani Ukerewe. Waliokuwa watu wa Makerere hawakufungwa, walihamishwa kikazi, kwa barua yenye adabu. Haikusaidia. Nyerere aliporudi kutoka Edinburgh, ni mtandao ule wa Tabora na Makerere uliomtambulisha kwa watu wa Dar es Salaam, na Aprili 1953 akachaguliwa rais wa TAA.

Babu yangu alisoma pale miaka hiyo. Nianzie wapi kumtafuta?

Anza nyumbani, kabla ya kupanda basi la Kampala. Geuza kila picha uangalie nyuma, wengi waliandika majina na mwaka kwa penseli. Tafuta diploma yenyewe, barua za uhamisho, na vitabu vyenye mhuri wa chuo. Uliza shule aliyotoka, maana ukishajua ni Tabora au Alliance au Budo, umeshapata nusu ya wenzake.

Magazeti ya wakati ule yana habari za watu waliochaguliwa na waliofaulu. Mambo Leo unaweza kulisoma kwenye mkusanyiko wa Afrika Mashariki katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na majalada ya idara za elimu na afya yapo kwenye nyaraka za taifa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, chini ya jina la idara, siyo jina la mtu.

Kuhusu Makerere kwenyewe: jengo kuu liliungua usiku wa kuamkia 20 Septemba 2020, na ingawa limejengwa upya na kufunguliwa tena 2024, karatasi zilizokuwemo hazijengeki. Maktaba kuu ni jengo jingine na ina sehemu ya nyaraka za Afrika, kwa hiyo msikate tamaa mapema. Andikeni kwao kwanza mkitaja jina kamili kama lilivyoandikwa wakati ule, nchi, kozi na mwaka wa kumaliza. Jina la ubatizo lisiwe peke yake. Kama mlivyoona, wengine walilipata wakiwa tayari wako chuoni.